Pesa Ipo, Haijafika: Gharama za Mwanafunzi wa Kubadilishana Anayekwenda Ujerumani

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi kwenda Ujerumani kwa muhula mmoja au miwili anaweza kuwa na fedha zote zinazotakiwa na bado akakosa hela ya kulipia kitanda wiki ya kwanza. Fedha yake ipo, lakini imefungiwa kwenye akaunti isiyofunguka mpaka awe na anuani. Anuani haipatikani mpaka alipe dhamana ya chumba, na dhamana yenyewe alitegemea kuilipa kwa hiyo hiyo fedha iliyofungiwa. Sisi tuliokwisha kupita njia hiyo, na ambao kila Oktoba na kila Aprili tunaulizwa maswali yale yale na wanaotufuata, tumeona kuwa tarehe huwaangusha watu kuliko bei. Kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye wiki sita za mwanzo na kwenye wiki za kuondoka. Miezi ya katikati ina nafuu yake.

Mifano yetu ni ya miji ya wastani kama Leipzig, au Bayreuth, mji mdogo wa Bavaria ambako Kiswahili kinafundishwa chuoni na ambako Waswahili wengi wa vyuo vyetu wamepita. Anayekwenda München au Frankfurt aongeze kodi ya chumba kwa kiasi kikubwa. Mengine yatabaki karibu yale yale.

Kabla ya kupanda ndege

Ubalozi unataka uthibitisho kwamba utaweza kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Anayekwenda miezi sita anahitaji 5,952. Njia ya kawaida ni akaunti ya zuio, ambayo kwenye fomu utaikuta kwa jina la Sperrkonto: unaweka fedha yote mapema, halafu inaachiwa kidogo kidogo kila mwezi ukishafika. Ukiwa na ufadhili, barua ya mfadhili inahesabiwa, lakini isome vizuri kwanza. Posho ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kwa wanaotoka nje ya Ulaya ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, chini ya 992. Anayepewa 900 ana pengo la 92 kila mwezi, na kwa miezi sita ni 552 za kuthibitisha kwa njia nyingine. Wengi hushtuka dirishani kwa sababu waliamini neno "ufadhili kamili" bila kupiga hesabu hiyo. Uliza pia posho inalipwa kwa mafungu mangapi. Mara nyingi sehemu kubwa hutangulia, na fungu la mwisho hulipwa baada ya kuwasilisha ripoti, wakati umekwisha kurudi nyumbani. Fungu hilo usiliweke kwenye bajeti ya kodi ya chumba.

Ada ya visa ya muda mrefu ni euro 75, inayolipwa kwa fedha ya nchi yako. Kama unakaa chini ya mwaka mmoja, omba visa itolewe kwa muda wote wa masomo. Ikikubaliwa, umeokoa euro 100 za kibali cha ukaazi pamoja na kuhangaikia miadi kwenye ofisi ya wageni. Ikitolewa ya miezi mitatu tu, hizo 100 ziingize kwenye bajeti tangu sasa.

Ada ya masomo kwa kawaida hutaiona. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, lakini anayekuja kwa mkataba wa vyuo viwili husamehewa. Hakikisha barua yako inataja mkataba huo kwa jina, maana msamaha unafuata karatasi. Mchango wa muhula ni jambo jingine, na huo karibu kila mtu analipa: kati ya euro 100 na 400 kutegemea chuo, na mara nyingi tiketi ya usafiri imo ndani yake.

Kutuma fedha kwenye akaunti ya zuio kunahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu kila benki njiani hula chake. Benki yako itaomba barua ya udahili na nakala ya pasipoti. Kwenye fomu ya kutuma kuna sehemu ya nani alipe makato: OUR, SHA (mnagawana na mpokeaji) au BEN (mpokeaji alipe yote). Chagua OUR, yaani gharama zote ni zako wewe mtumaji. Ukichagua SHA, benki za njiani zitachomoa euro 20 au 30, akaunti itapungukiwa, na hutapewa hati ya kupeleka ubalozini mpaka utume nyongeza, pamoja na makato yake mapya. Hata ukiwa na OUR, ongeza euro 50 juu ya kiwango, kisha soma masharti ya mtoa huduma kuona kama ana ada ya kufungua na ada ya kila mwezi.

Bei ya kubadilishia fedha ndiyo yenye hasara kubwa kuliko yote, na haionekani kwenye risiti kama ada. Muulize karani bei ya kuuzia euro siku hiyo. Bei unayoiona kwenye simu ni ya katikati, si ya benki. Tofauti ya asilimia 2 tu kwenye 5,952 ni euro 119, karibu chakula cha wiki mbili. Uliza pia kama shilingi zitageuzwa moja kwa moja kuwa euro au zitapitia dola kwanza. Zikipitia dola unakatwa mara mbili. Nenda benki mbili au tatu, na upate jibu la maandishi.

Fedha ya kushika mkononi

Tunashauri uwe na euro 1,500, na ikiwezekana 1,800, nje ya akaunti ya zuio. Hesabu yake ni hii, kwa mji wa wastani: dhamana ya chumba cha hosteli ya wanafunzi 500, kodi ya mwezi wa kwanza 350, mchango wa muhula 150, godoro likiwa tupu basi duveti, mto, mashuka na sufuria 100, chakula 200, nauli kutoka uwanja wa ndege na laini ya simu 70. Hapo ni 1,370, bado hujalala usiku hata mmoja kwenye nyumba ya wageni na hujalipa kibali.

Usiibebe yote mfukoni. Noti za euro 300 au 400 zinatosha, na ziwe za 50 kushuka chini. Noti ya 200 mara nyingi hukataliwa dukani na kwenye basi. Zilizobaki ziache kwenye akaunti yako ya nyumbani yenye kadi ya Visa au Mastercard, na kabla ya safari ifahamishe benki nchi unayokwenda na tarehe, upandishiwe kiwango cha kutoa kwa siku. Kadi ikizuiwa ukiwa Ujerumani Jumamosi jioni, huduma kwa wateja itakusubirisha kwenye simu kwa dakika za kimataifa.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu hawayawazi. La kwanza ni laini ya nyumbani. Benki hutuma namba ya siri ya muamala kwenye ile laini uliyosajili. Ukiiacha nyumbani, au ikazimwa kwa kutotumika, kadi yako haina kazi mtandaoni. Ifungulie huduma ya kutumika nje ya nchi kabla ya kuondoka, iweke kwenye simu ya laini mbili, uizimie data, na uiwekee salio kila baada ya miezi miwili. Kwa kawaida kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje hakutozwi. La pili ni swali la mashine ya kutolea fedha: itakuuliza kama ukatwe kwa euro au kwa shilingi. Chagua euro kila mara. Ukichagua shilingi, mashine inatumia bei yake yenyewe, na bei hiyo ni mbaya. Mashine nyingi pia hutoza ada kwa kadi isiyo ya benki yao, na ada huonyeshwa kwenye kioo kabla ya kukubali. Toa 200 mara moja, usitoe 40 mara tano.

Koti la baridi nunua nyumbani. Mitumba ya Karume au Gikomba ina makoti mazito ya Ulaya kwa bei ambayo Ujerumani huipati. Viatu vya theluji ngoja ununue huko huko, kwa sababu soli ndiyo muhimu na mitumba mara nyingi imekwisha soli.

Wiki ya kwanza

Fika siku ya kazi, asubuhi. Funguo za hosteli ziko kwa mtunza jengo, naye ana saa zake, pengine mbili tu kwa siku, na mwisho wa juma hayupo. Mkataba wa muhula wa baridi huanza mara nyingi tarehe 1 Oktoba, na tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa. Ikiangukia Ijumaa, anayetua Alhamisi jioni atasubiri funguo hadi Jumatatu huku analipia chumba mara mbili, hosteli na nyumba ya wageni. Tiketi ya treni ya bei nafuu kutoka Frankfurt imefungwa kwenye treni moja. Ndege ikichelewa, tiketi hiyo imekufa. Weka mwanya wa saa nne, au nunua ya basi la mikoani ambayo hasara yake ni ndogo.

Ukishaingia chumbani, fuata mlolongo huu bila kuruka hatua. Kwanza bandika jina lako kwenye sanduku la barua, kama lilivyo kwenye pasipoti, hata kwa karatasi na gundi. Ujerumani kila kitu huja kwa posta: kadi ya benki katika bahasha moja, namba yake ya siri katika bahasha nyingine siku kadhaa baadaye, namba ya mlipakodi, kadi ya bima. Mleta barua haulizi majirani. Akikosa jina, barua inarudi ilikotoka, na wewe utajua baada ya wiki tatu. Hakuna kosa dogo linalogharimu siku nyingi kama hili.

Pili, mwombe mwenye nyumba au ofisi ya hosteli karatasi ya uthibitisho wa makazi, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango hautoshi. Uende nayo kujisajili makazi, hatua inayoitwa Anmeldung, ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Miadi hutolewa mtandaoni na huisha haraka, kwa hiyo iweke ukiwa bado nyumbani kama tayari una anuani ya chumba. Miji mikubwa ikikupa tarehe ya mbali, ingia kwenye tovuti alfajiri, maana nafasi zilizofutwa hurudi wakati huo.

Tatu, akaunti ya benki ya matumizi. Benki za simu pekee hufungua upesi, ila hazipokei pasipoti za nchi zote kwenye uthibitisho wa video, kwa hiyo angalia orodha yao kwanza. Benki yenye tawi itakutaka uje na pasipoti na cheti cha usajili wa makazi. Ukikataliwa, jua kwamba kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya ana haki ya akaunti ya msingi, Basiskonto. Iombe kwa jina hilo, kwa maandishi. Uliza ada ya mwezi: kwa wanafunzi benki nyingi husamehe, lakini kikomo cha umri hutofautiana na si kila mara wanakuambia.

Nne, sasa ndipo unapeleka namba ya akaunti, cheti cha usajili na ukurasa wa visa kwa mtoa huduma wa akaunti ya zuio. Ataachia fungu la kwanza baada ya siku chache za kazi. Ukihesabu kuanzia siku ya kutua, wiki tatu ni bahati njema na wiki sita si ajabu. Baadhi ya watoa huduma hutoa pia akaunti ya matumizi ndani ya programu yao. Hiyo hufupisha safari, na kwa maoni yetu inafaa kulipia zaidi kidogo kwa ajili yake.

Dhamana, kodi na miezi usiyokuwapo

Sheria ya Ujerumani inasema dhamana isizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, la kwanza mwanzoni mwa upangaji. Wenye nyumba wengi hawalitaji. Andika kwa adabu kwamba utalipa kwa mafungu matatu, na hapo umesogeza mbele mamia ya euro kutoka wiki ya kwanza hadi mwezi wa tatu, ambapo akaunti ya zuio imeshafunguka.

Kodi ina majina mawili. Kaltmiete ni chumba kitupu. Warmmiete ina joto, maji na taka ndani yake. Umeme na intaneti vinaweza kuwa nje ya zote mbili. Ukiona tangazo la 260, uliza ni ipi. Kiasi cha joto na maji unacholipa kila mwezi ni makadirio tu, na hesabu kamili inaweza kuja hadi mwaka mmoja baada ya kipindi kuisha, ikidai nyongeza. Hosteli za wanafunzi kwa kawaida hutoza kiasi kisichobadilika, na kwa mtu wa muhula mmoja hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzipendelea.

Angalia tarehe ya mwisho ya mkataba. Vipindi vya masomo vya muhula wa baridi huisha mapema Februari, lakini muhula wenyewe unaisha tarehe 31 Machi, na hosteli nyingi hukodisha kwa muhula mzima. Unayerudi nyumbani Februari 20 utalipia Machi yote. Bajeti ya chumba ni miezi sita hata kama utakaa minne na nusu. Omba ruhusa ya kumkodisha mtu kwa mwezi huo wa mwisho, na uombe mwezi Desemba, usingoje Februari.

Anayetaka chumba nje ya hosteli asitume hata senti kabla mtu anayemwamini hajaingia ndani ya chumba hicho. Tapeli ana sura moja: chumba kizuri katikati ya mji kwa nusu ya bei, mwenye nyumba "yuko safarini", funguo zitaletwa kwa posta ukishatuma dhamana. Muombe Mtanzania au Mkenya aliyeko mjini akakitazame. Vyuo vingi vina kundi la WhatsApp la wanafunzi wa Afrika Mashariki, na kazi hiyo huchukua saa moja tu.

Siku ya kuhamia piga picha kila kona: madoa ya ukuta, mikwaruzo ya meza, ndani ya jokofu. Wakati wa baridi fungua dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, huku umezima kipasha joto. Sisi tuliokulia pwani huona ni upotevu wa joto, tunafunga madirisha wiki nzima na kuanika nguo ndani. Baada ya miezi miwili ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati, na gharama ya kuusafisha na kupaka rangi inatoka kwenye dhamana yako.

Mwezi wa kawaida

Hesabu ya mfano ya mtu mmoja Bayreuth au Leipzig: chumba 350, bima ya afya 145, chakula 220, mchango wa redio na televisheni 18.36, simu 10, kufua na vitu vya usafi 25. Jumla ni euro 768.36. Mwenye 992 anabakiwa na 223 na ushee. Mwenye posho ya 850 anabakiwa na 81, na hapo usafiri haujaguswa.

Bima ya afya ya umma kwa mwanafunzi ni kati ya euro 140 na 150 kwa mwezi na inakubalika kila mahali. Ila kiwango hicho cha wanafunzi kina mwisho: umri wa miaka 30. Wanafunzi wetu wa uzamili mara nyingi wameshavuka hapo, kwa hiyo watafute bima binafsi kabla ya safari, na wasome kama inakubaliwa na chuo na ofisi ya wageni. Aliye chini ya 30 asivutwe na bima binafsi ya bei rahisi. Ukiomba kuachwa nje ya bima ya umma, huwezi kurudi ndani kwa muda wote wa masomo hayo. Anayewahi kufika Septemba kwa kozi ya lugha anunue bima ya safari mpaka siku bima ya wanafunzi inapoanza, ambayo mara nyingi ni tarehe 1 Oktoba.

Barua ya mchango wa redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, itakuja kwa sababu umejisajili makazi. Wengi huitupa wakidhani ni tangazo, au wanajibu kwamba hawana televisheni. Haijalishi. Kila nyumba inalipa 18.36 kwa mwezi, na hutozwa 55.08 kwa miezi mitatu. Nyumba moja ni mchango mmoja: mkiwa wanne mnaoishi pamoja nyuma ya mlango mmoja, mmoja analipa na wengine wanajibu barua kwa kutaja namba yake ya mchango, kisha mnagawana. Chumba cha hosteli chenye mlango kwenye korido ya wote huhesabiwa nyumba peke yake. Usipojibu, deni linahesabiwa kurudi nyuma hadi siku uliyohamia, pamoja na faini.

Panga tarehe za makato. Kodi ya chumba inatakiwa kulipwa kufikia siku ya tatu ya kazi ya mwezi. Bima hukata katikati ya mwezi. Karibu wote hawa wanajikatia wenyewe kwenye akaunti yako, utaratibu unaoitwa Lastschrift. Salio likikosekana siku hiyo, makato yanarudi, na unatozwa ada na aliyekosa fedha yake. Ukikatwa kimakosa, una wiki nane za kuiambia benki irudishe. Weka euro 100 ambazo hazitumiki kamwe, ziwe sakafu ya akaunti.

Mikataba ya simu na ya gimu ndipo wageni wanapoumia kimya kimya. Mkataba wa miezi 24 unasainiwa kwa dakika tano na si rahisi kuuvunja kwa sababu tu umerudi Tanzania. Nunua laini ya kulipia kabla kwenye duka la vyakula kama Aldi au Lidl, uisajili kwa pasipoti, na ujiunge bando la wiki nne. Ukiwa na mkataba wowote uliofungwa mtandaoni, tangu Julai 2022 tovuti inatakiwa kuwa na kitufe cha kuvunjia mkataba. Kitumie, na uhifadhi uthibitisho wa tarehe.

Usafiri: tazama kwanza kama kadi ya mwanafunzi tayari ni tiketi. Tiketi ya nchi nzima, Deutschlandticket, ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026. Vyuo vyenye mkataba huipata kwa asilimia 60 ya bei hiyo ndani ya mchango wa muhula. Ukijinunulia mwenyewe, ni usajili unaojirudia: usipoufuta kufikia tarehe 10, unalipia mwezi unaofuata. Haitumiki kwenye treni za kasi za ICE. Kupanda bila tiketi ni faini ya euro 60, na kisingizio cha ugeni hakipokelewi.

Chakula

Maduka ya bei nafuu ni Aldi, Lidl, Penny na Netto. Jumapili yamefungwa, na huko Bavaria siku nyingine hufunga saa 2 usiku. Asiyejipanga Jumamosi hununua mkate na maji kituo cha mafuta kwa bei mara mbili. Mchele, dengu, maharage makavu, viungo na mafuta nunua kwenye maduka ya Waturuki, kwenye mifuko ya kilo tano. Unga mweupe wa mahindi uko kwenye maduka ya Waafrika na ni ghali kwa kilo. Ugali wa kila siku wengi husonga kwa semolina ya ngano, Weichweizengrieß: haushiki kama sembe, lakini pakiti yake haifiki hata nusu ya bei. Sembe halisi iwe ya siku za wageni. Maharage yaloweke usiku kucha, kwa sababu umeme wa Ujerumani ni ghali na jiko la saa tatu linaonekana kwenye bili.

Mgahawa wa chuo, Mensa, unatoa sahani ya moto kwa euro 3 hadi 5 kwa mwenye kadi ya mwanafunzi. Bila kadi unalipa bei ya mgeni. Chupa na makopo yana amana: senti 25 kwa chupa ya plastiki ya kutupwa na kopo, 15 au 8 kwa zile zinazojazwa upya. Zirudishe kwenye mashine ya dukani bila kuzibonda, uchukue risiti, na uipeleke kwa keshia siku hiyo hiyo.

Kazi, na simu za nyumbani

Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku kamili 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Kima cha chini mwaka 2026 ni euro 13.90 kwa saa, na kazi ndogo ya Minijob ina kikomo cha 603 kwa mwezi. Lakini mtu wa muhula mmoja asiijengee bajeti. Namba ya mlipakodi huja kwa posta wiki kadhaa baada ya kujisajili, kazi inatafutwa kwa mwezi, na mshahara wa kwanza huingia mwisho wa mwezi unaofuata. Hapo tayari ni Desemba au Januari. Anayekaa mwaka mzima, ndiyo, ajaribu maktaba na ofisi za chuo kwanza.

Kuna gharama moja ambayo karatasi za ubalozi haziitaji. Ndugu wakisikia uko Ulaya, maombi yanaanza: ada ya shule ya mdogo wako, matibabu ya shangazi, mchango wa harusi. Ni haki yao kuomba, na wengi wetu tusingefika bila wao. Ila kutuma euro 50 kila zinapoombwa, kutoka kwenye posho ya 850, kunakula ile 81 yote kwa mara mbili. Mweleze mama au kaka mkubwa mapema kiasi unachoweza, kwa muhula mzima, na umwachie yeye agawe. Mpe pia kiasi halisi cha kodi ya chumba na bima. Watu wa nyumbani huelewa haraka wakioneshwa hesabu.

Kuondoka

Wiki sita kabla, anza kufunga. Omba ukaguzi wa chumba na uandikiwe matokeo yake ukiwa umesimama hapo hapo. Jiondoe kwenye usajili wa makazi, Abmeldung, kuanzia wiki moja kabla ya safari, na utoe nakala tatu za cheti chake. Nakala moja inakwenda kwa bima, ya pili kwenye mchango wa redio ukiambatanisha namba yako, ya tatu kwa mtoa huduma wa akaunti ya zuio ili akurudishie kilichobaki. Bila karatasi hiyo, bima na mchango vinaendelea kuhesabu ukiwa umeshafika nyumbani.

Akaunti ya benki iwe ya mwisho kabisa. Mwenye nyumba anaweza kushikilia dhamana kwa miezi kadhaa, mara nyingi hadi sita, akisubiri hesabu za joto na maji, na kuituma Tanzania au Kenya moja kwa moja kunakatwa makato ya benki za njiani yale yale tuliyoyataja. Iache akaunti wazi, hamisha barua zake kwenye programu ya simu, hakikisha ada ya mwezi haiongezeki ukikoma kuwa mwanafunzi, na umwandikie mwenye nyumba namba ya akaunti hiyo hiyo pamoja na anuani yako mpya. Dhamana ikishaingia, ihamishe yote kwa mkupuo mmoja, halafu ndipo uandike barua ya kufunga.